Sura ya Tano: Saa Chache, Miaka Mingi

Tangazo la kuuza ndege ndogo halikosi namba tatu: mwaka ilipoundwa, saa ambazo mwili wake umeruka tangu utoke kiwandani, na saa ambazo injini imefanya kazi tangu ilipofanyiwa oveholi, yaani kufunguliwa yote na kujengwa upya. Mnunuzi wa mara ya kwanza huipita namba ya kwanza na kukimbilia hizo mbili za mwisho, kwa mazoea aliyoyapata kwenye yadi za magari. Gari la kilomita elfu 40 ni afadhali kuliko la elfu 180, basi na ndege ya saa 1,900 itakuwa afadhali kuliko ya saa 7,000. Madalali wanayajua mazoea haya, ndiyo maana saa zikiwa chache huandikwa kwa herufi kubwa na mwaka ukajificha pembeni. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba mnunuzi huyo analisoma tangazo kinyumenyume. Kwa ndege ndogo ya zamani, saa chache ni jambo la kutiliwa shaka mpaka lipate maelezo. Swali la kwanza la ukaguzi, kabla hata ya kufungua kifuniko cha injini, ni hili: ndege hii imekaa muda gani bila kuruka, na ilikaa wapi?

Chanzo cha swali ni umri wa ndege zenyewe. Cessna 172, ambayo hakuna ndege nyingine iliyoundwa kwa wingi kama hiyo, iliingia sokoni mwaka 1956, na zaidi ya 44,000 zimeshatoka kiwandani. Lakini mwaka 1986 Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege zake za injini moja ya pistoni, ikilalamikia mzigo wa kesi za fidia. Ilirudi kazini mwaka 1996, baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1994 iliyoweka ukomo wa miaka 18 wa kumshtaki muundaji wa ndege ndogo. Zilizoundwa baada ya pengo hilo la miaka 10 bado bei yake inauma. Kwa hiyo mtu wa Nairobi, Arusha au Entebbe mwenye fedha za kawaida (za kawaida kwa kipimo cha watu wanaonunua ndege, si kwa kipimo chetu sisi wengine) hujikuta akitazama Cessna 172, 182 au 206 ya miaka ya 1970. Hiyo ni ndege ya karibu nusu karne. Sasa piga hesabu kidogo. Saa 2,000 za kuruka ni sawa na siku 83. Nusu karne ina siku zaidi ya 18,000. Ndege ambayo muuzaji anaisifu kwa kutotumika sana ilikuwa hewani kwa siku hizo 83, na siku zote zilizobaki ilikuwa imesimama mahali fulani, juani au kwenye hanga, karibu na bahari au mbali nayo, ikiwa na mtu wa kuitazama au bila mtu. Anayekagua zile 83 peke yake hajakagua ndege.

Kusimama kuna madhara gani? Tuanze ndani ya injini, maana huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka na moshi kwenye ekzosi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi za pistoni, kikaingia tumboni mwa injini na kuchanganyika na oili na masalia mengine ya moto. Humo hugeuka asidi hafifu. Injini inayoruka saa moja na zaidi huipasha oili yake hadi maji yakakauka na kutokea kwenye bomba la kupumulia. Injini inayozimwa na kuachwa hubaki na maji yale tumboni, na usiku wa baridi unapokuja baada ya mchana wa joto, mengine huongezeka kutoka hewani.

Sasa angalia umbo la injini yenyewe. Katika injini za Lycoming zenye silinda zilizolala, ambazo ndizo zimefungwa kwenye 172 nyingi tangu toleo la mwaka 1968, kamshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, iko juu ya krenki. Injini ikizimwa, oili yote hushuka chini kwenye beseni na kamshafti hubaki huko juu ikiwa na utando mwembamba tu, na utando huo hupungua wiki baada ya wiki. Kutu huanza kama vidoa vidogo vya kahawia kwenye nundu za kamshafti, vidogo kiasi kwamba ungeweza kuvipangusa kwa kitambaa kama ungevifikia. Hakuna anayevifikia. Siku injini inapowashwa tena, tapeti zinakandamiza nundu hizo kwa nguvu kubwa pale pale penye vidoa. Ngozi ngumu ya chuma huanza kubanduka, na chembe zilizobanduka huenda na oili kusaga sehemu nyingine. Nundu inapungua kimo, valvu inafunguka kidogo kuliko inavyotakiwa, silinda inavuta hewa pungufu. Rubani hasikii chochote. Mlio ni uleule, mtetemo ni uleule, ila ndege inapanda kwa uvivu kidogo na yeye analaumu joto la mchana. Na kamshafti haibadilishwi kama plagi. Lazima kasha la injini lipasuliwe pande mbili, na injini ikishafika hapo, bili yake inakaribia ya oveholi nzima.

Kampuni ya Lycoming yenyewe haikulificha jambo hili. Katika waraka wake kwa wamiliki kuhusu kuhifadhi injini inashauri kwamba ndege iruke angalau saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi za Selsiasi 74 na 93 hivi, na pasipite siku zaidi ya 30 bila kufanya hivyo. Pia imeweka ukomo wa kalenda: injini isiyofikisha saa zake za oveholi, ambazo kwa matoleo mengi ya injini yake ya O-320 ni 2,000, inapaswa kufanyiwa oveholi ikitimiza miaka 12. Muundaji wa injini asingeweka kalenda kando ya saa kama saa zingetosha kueleza uchakavu. Ni haki kusema kwamba injini hazifanani. Continental za safu kubwa, kama zile za 206 za zamani, zina kamshafti chini ya krenki, karibu na oili, na hilo huisaidia. Lakini kuta za silinda zake hupata kutu kama za nyingine. Upande wa pili kuna O-320-H2AD iliyofungwa kwenye 172N kuanzia mwaka 1977, injini ambayo kamshafti na tapeti zake zilisumbua hata ikitunzwa, hadi mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaagiza oili yake itiwe kiongezo maalumu. Mtu anayeuziwa 172N iliyokaa miaka sita anauziwa udhaifu wa kuzaliwa nao uliojumlishwa na uzembe wa kutunzwa.

Nje ya injini orodha ni ndefu na sitaimaliza. Mpira hukauka: mabomba ya mafuta na ya oili, sili, na matangi laini ya mpira yaliyo ndani ya mabawa ya 182 na 206 nyingi za miaka ya 1970, ambayo yakikauka hupasuka au kujikunja na kubakiza maji kwenye mikunjo, yakisubiri siku ndege itakapoinamisha bawa. Propela ya kubadilisha pembe nayo ina kalenda yake, kwa nyingi miaka sita. Panya wakihamia chini ya sakafu, mkojo wao hula alumini. Nyigu wa udongo hupenda mrija wa pito, ule mrija mdogo unaopokea upepo ili kipima mwendo kisome. Mwenye kuwadharau nyigu akumbuke Boeing 757 ya Birgenair iliyoanguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, tarehe 6 Februari 1996 na kuua watu wote 189 waliokuwamo. Marubani walipotoshwa na kipima mwendo kilichosoma uongo. Ndege ilikuwa imekaa ardhini karibu wiki tatu bila vifuniko vya pito, na wachunguzi waliwashuku nyigu. Kama wiki tatu ziliiponza ndege kubwa yenye mafundi wa shirika zima, miaka mitatu pembeni mwa uwanja inaweza kuifanya nini Cessna ya mtu mmoja?

Mahali ndege ilipokaa huweza kuuzidi hata muda iliokaa. Miaka miwili Dodoma au Nanyuki, kwenye hewa kavu na ndani ya hanga, si sawa na miaka miwili Mafia, Malindi au Lamu, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi usiku na mchana. Alumini haiozi kama bati la paa. Hutoa unga mweupe mweupe, na rangi iliyo juu yake huvimba kama malengelenge. Malengelenge hayo huanzia pasipotazamwa: chini ya mkia, ndani ya bawaba za usukani wa nyuma, chini ya zulia la abiria, na mahali ambapo bati mbili zimelaliana. Kwa sababu hiyo rangi mpya kwenye ndege iliyokaa pwani isikufurahishe kabla hujajua ilipakwa juu ya nini. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na ndege ya zamani iliyopakwa rangi wiki ya kuuzwa inajitembeza.

Ushahidi wa yote haya uko wapi? Sehemu kubwa uko kwenye karatasi, na hauhitaji bisibisi. Kila ndege ina vitabu vya kumbukumbu: cha mwili, cha injini na, kwa propela inayobadilisha pembe, cha propela. Wanunuzi wengi huvifungua ukurasa wa mwisho, wakaona muhuri wa ukaguzi wa mwaka na kuvifunga. Visome kwa namna nyingine. Chukua karatasi tupu, piga mstari katikati, kushoto andika tarehe za kila badiliko la oili na kila ukaguzi, kulia andika saa zilizosomwa siku hiyo kwenye mita. Anza mwaka ndege ilipozaliwa na usiruke mstari. Tuchukue ndege ya kubuni: 172N ya mwaka 1978, inayotangazwa kuwa na saa 2,900 kwa mwili na 800 kwa injini tangu oveholi. Karatasi yako inaonyesha kwamba hadi mwaka 1990 iliruka saa 2,100, kisha ikafanyiwa oveholi. Kati ya mwaka 1990 na 2007 iliruka 600. Halafu unakuta mistari miwili iliyokaribiana: Juni 2007, saa 2,700, Machi 2014, saa 2,704. Miaka karibu saba, saa nne. Tangu hapo imeruka 196. Hakuna uongo hata mmoja kwenye tangazo. Saa ni 800 kweli. Lakini oveholi ile ilifanyika zaidi ya miaka 30 iliyopita, na katikati yake kuna miaka saba ya ukimya ambayo hakuna aliyekutajia. Karatasi yenye safu mbili imekuambia jambo ambalo namba za tangazo zilipangwa kulificha.

Ukiwa bado kwenye vitabu, tazama na mengine. Kurasa za miaka 10 zilizojazwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, bila doa la oili hata moja, ni kurasa zilizoandikwa siku moja. Kitabu cha kwanza kikiwa “kilipotea wakati wa kuhama”, basi hujui saa wala ajali za kipindi hicho, na bei lazima ionyeshe kwamba hujui. Mita za saa hubadilishwa zikiharibika. Hilo ni halali, mradi kuna mstari unaosema ya zamani iliishia wapi na mpya ilianzia wapi. Pasipo mstari huo, namba unayoisoma kwenye dashibodi ni mapambo.

Yako mapingamizi, na la kwanza ni zito. Mtu atasema kwamba chuma huchoka kwa kazi. Kila kupaa na kila kutua hukunja bawa kidogo, na chuma kikikunjwa mara nyingi hupasuka. Hilo ni kweli, na lina maiti. Tarehe 4 Aprili 2018, Piper PA-28R-201 ya shule ya urubani ilipoteza bawa la kushoto hewani karibu na Daytona Beach, Florida, na watu wawili waliokuwamo walikufa. Ilikuwa ndege changa, iliyoundwa mwaka 2007, lakini ilishatimiza saa zaidi ya 7,600, na wachunguzi walikuta ufa wa uchovu kwenye boriti kuu ya bawa. Je, mfano huu haubomoi hoja yangu? Tazama FAA ilivyolijibu tukio lile. Agizo lake kuhusu boriti za Piper halikuzihesabu saa zote sawa. Saa za ndege iliyokuwa ikikaguliwa kila baada ya saa 100, dalili ya kazi ya shule au ya kukodishwa, zinahesabiwa kamili. Saa za matumizi mengine zinagawanywa kwa 17. Yaani mamlaka yenyewe inakubali kwamba saa ni namba bubu mpaka uulize ilitumikaje. Saa moja ya mwanafunzi anayejifunza kutua na kupaa kutwa nzima inaweza kulingana na saa 17 za daktari anayeruka Jumapili. Kwa hiyo ndege ya shule yenye saa nyingi ikaguliwe boriti zake kwa vipimo vinavyoona ufa usioonekana kwa macho, na iliyofanya kazi ya viwanja vya changarawe itazamwe ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dashibodi. Ukiwa na mikunjo, gurudumu la mbele liliwahi kupiga ardhi vibaya. Hayo siyapingi hata kidogo. Ninachokataa ni kuamini kwamba upande wa pili, upande wa saa chache, hauna gharama.

Tena uchovu wa chuma na kutu ni ndugu. Tarehe 26 Mei 2019 Cessna T210M iliyokuwa kwenye kazi ya upimaji wa ardhi, ikiruka chini chini karibu na Mount Isa, Australia, ilipoteza bawa na kuua watu wawili. Boriti iliyovunjika ni ile inayopita juu ya vichwa vya waliokaa mbele na kuyaunganisha mabawa mawili. Wachunguzi wa Australia waliukuta ufa wa uchovu, na walipoufuata hadi chanzo chake walikuta shimo dogo la kutu. Kazi nzito ndiyo iliyourefusha ufa. Kalenda ndiyo iliyoufungulia mlango. Ni tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, mahali ambapo bila kuvua dari ya ndani huwezi kupaona. Mwaka uliofuata FAA iliagiza boriti za namna hiyo zikaguliwe.

Pingamizi la pili hutoka kwa wauzaji wenye nia njema: “Haikuruka, lakini tulikuwa tunaiwasha kila wiki.” Hii ni kama kumwambia daktari kwamba mgonjwa hakula ila alikuwa anaonjeshwa. Kuwasha injini ardhini dakika 10 hutengeneza maji na asidi yake yote, lakini oili haifikii joto la kuyakausha. Unaongeza sumu bila kuleta dawa, na waraka uleule wa Lycoming unasema wazi kwamba kuwasha ardhini hakuchukui nafasi ya kuruka. Kuzungusha propela kwa mkono, jambo ambalo walinzi wa viwanja wengi wamefundishwa kulifanya kila Jumatatu, ni baya vilevile, kwa kuwa linafuta ule utando wa mwisho wa oili bila kuleta mpya. Aliyeiacha bila kuigusa, akaijaza oili ya kuhifadhia na kuziba matundu yote, ameitunza kuliko aliyekuwa akiiwasha, na akiwa na kumbukumbu ya kazi hiyo basi nusu ya hoja yangu inamwachia.

La tatu ndilo linalowanasa watu wengi: ndege imepita ukaguzi wa mwaka mwezi uliopita, sasa ukaguzi mwingine wa nini? Ukaguzi wa mwaka unajibu swali moja, kama ndege inakidhi masharti ya kuruka siku hiyo. Hauulizi kama kamshafti itadumu saa 200 zijazo, wala kama matangi ya mpira yatahitaji kubadilishwa mwakani, wala kama bei ni halali. Kisha kuna suala la nani alimlipa fundi. Fundi aliyeihudumia ndege kwa miaka minane hawezi kukuambia kwa moyo mkunjufu kwamba kwa miaka minane hakuona malengelenge chini ya mkia. Tafuta fundi mwenye leseni ya aina hiyo ya ndege, asiyekula kwa muuzaji, na umlipe wewe. Ndege ikitoka Marekani, kama zitokavyo nyingi, usimwachie dalali akuchagulie.

Fundi huyo ataanza na mambo yasiyoumiza. Atapima mgandamizo wa silinda kwa hewa ya kipimo cha 80, akisikiliza inakovujia: kwenye ekzosi ni valvu, kwenye mdomo wa oili ni ringi. Mgandamizo mzuri usikulevye, kwa sababu hausemi lolote kuhusu kamshafti. Injini inaweza kupata 76 kati ya 80 kwenye silinda zote na nundu zake zimeliwa. Ataingiza kamera ndogo ya borosikopu kwenye tundu la plagi na kukuonyesha ukuta wa silinda, ambao unapaswa kuwa na mistari myembamba iliyopishana iliyoachwa na jiwe la kunolea, si mabaka ya kahawia, na uso wa valvu ya ekzosi, ambao rangi zake zinapaswa kuwa duara ndani ya duara. Upande mmoja ukiwa na hilali ya kijani, valvu inaungua. Kisha ataifungua filta ya oili kwa kikata kopo, atoe karatasi iliyokunjwa kunjwa, aikate, aikamue na kuitandaza kwenye mwanga kama mtu anayechambua mchele. Chembe zinazometa azijaribu kwa sumaku. Zisizonasa huenda ni alumini ya pistoni. Zinazonasa ni chuma, na chuma kwenye injini iliyokaa mara nyingi kinatoka kwenye kamshafti na tapeti. Hapa kuna hila ya zamani ambayo huna budi kuijua: oili na filta vilivyobadilishwa juzi havina habari yoyote. Omba filta iliyotolewa, na kama imetupwa, rusha ndege saa kadhaa ndipo uifungue hii mpya.

Karatasi yako ikionyesha pengo kama lile la miaka saba, hayo yote hayatoshi. Kwa Lycoming njia ya uhakika ya kuiona kamshafti ni kuvua silinda na kutazama ndani kwa taa. Najua kinachosemwa dhidi ya hilo. Kuvua silinda kunagharimu, na silinda iliyorudishwa vibaya, nati zake zikiwa hazikukazwa kwa nguvu iliyoandikwa, ni hatari kuliko kutu yenyewe. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana simshauri mtu avue silinda ya ndege iliyoruka kila wiki kwa miaka 10, hata ikiwa na saa 1,800. Hiyo ningeinunua bila wasiwasi mkubwa, kwa bei inayojua kwamba oveholi iko karibu. Ya saa 400 iliyolala miaka saba ivuliwe silinda, au ihesabiwe kuwa haina injini, bei ikateremshwa kwa gharama ya oveholi nzima. Njia ya tatu ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kalenda ina mkono hata ofisini. Marekani mmiliki binafsi anaweza kuendelea kuruka na injini iliyopita miaka 12, kwa kuwa ukomo wa muundaji kwake ni ushauri. Huku kwetu, ndege itakayofundisha au kubeba abiria wa kulipa huruka chini ya programu ya matengenezo iliyoidhinishwa, na humo ushauri unaweza kuwa sharti. Kabla ya kutuma fedha, muulize mkaguzi wa mamlaka ya anga, KCAA Nairobi au TCAA Dar es Salaam, kwa maandishi: injini hii ya mwaka fulani, propela hii ya mwaka fulani, zitakubaliwa kwa kazi ninayoitaka? Wako waliosafirisha ndege kwenye kontena, wakafunga mabawa kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ndipo wakaambiwa injini ya saa chache waliyoinunua kwa mbwembwe imepitwa na tarehe.

Basi weka haya kwenye mkataba kabla ya kulipa arubuni: fundi ni wako, vitabu vyote vinatolewa siku saba kabla ya ukaguzi, pengo lolote la zaidi ya miezi 12 linakupa haki ya kuvua silinda moja kwa gharama yako, na kutu ikionekana arubuni inarudi. Muuzaji mkweli atanung'unika kisha atasaini. Asiyetaka silinda ifunguliwe, mshukuru kwa chai na uondoke. Cessna 172 zilizoundwa ni zaidi ya 44,000, na yake ni moja.